Naombeni ushauri: twaitishwa elfu moja kila mtu tuingizwe kwenye listi ya pesa za kina mama

MamaMahamri
Asalaam aleikum, habari zenu wote. Mwenzenu nina jambo, naomba mnisome mpaka mwisho. Mie nakaa Mtopanga, Mombasa, nauza mahamri na mbaazi asubuhi, nina watoto watatu na mama mkwe wa miaka 73 yuko kwangu tangu mume wangu alipofariki. Tuna chama chetu kina mama 11, kila Jumapili twachanga mia mbili mbili. Sasa wiki ilopita kaja kijana mmoja na daftari, ati serikali yatoa laki kwa kila kikundi cha kina mama, lakini kila mtu atoe elfu ya fomu na picha ya kitambulisho mbele na nyuma, mwisho Ijumaa. Watatu washatoa, mmoja wao ilikuwa pesa ya karo. Mie hiyo elfu ninayo lakini ndo ya unga na mafuta ya wiki nzima, nikiitoa sipiki. Na nikikataa halafu wenzangu wakapata? Ule mkopo wa serikali wa kwenye simu, Hustler Fund, nishachukua nikalipa nikachukua tena, limit yenyewe haifiki hata bei ya jiko. Nifanyeje jamani

Nahodha_Likoni
Dada usitoe hata shilingi. Pesa ya serikali siku hizi hailipwi mkononi, hata ile ada ya kusajili kikundi yalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, paybill 222222, na risiti unapata. Mtu wa daftari ni wa daftari. Na hiyo picha ya kitambulisho usimpe, kesho usikie laini imesajiliwa kwa jina lako

Msema_Changamwe
Mi nitasema ukweli, bila kutoa chai Kenya hii hupati kitu. Toa ujaribu bahati

Shangazi_Kongowea
@Msema_Changamwe usimpoteze mtoto wa watu. Sie tulipata Uwezo Fund, ule mkopo wa serikali wa vikundi, na hatukutoa chai. Mwanangu sikiza, je chama chenu kina cheti? Maana kuchangishana tu Jumapili hakutoshi, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii hapo Kisauni mkasajiliwe, sheria yataka watu kumi na kuendelea na nyie mko 11, mwende na katiba yenu na minits za mikutano. Halafu mkae miezi sita mkiwekeana na kukopeshana na muandike kila kitu, ndo muombe Uwezo. Haina riba, wanakata ada ya asilimia tatu tu, na wanakupa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Lakini ni mkopo, si sadaka! Sie mwenzetu mmoja alihama akazima simu, tukamlipia wote tisa tuliobaki na mie niliuza cherehani yangu. Kwa hivyo kabla hamjaenda mjuane vizuri, yule asiyetoa mia mbili ya Jumapili hatatoa ya serikali

MamaMahamri
Shangazi asante sana. Cheti hatuna. Twajuana tangu watoto wako nasari

Fundi_Jomvu
Mbona hamjasema kuhusu huyo mama mkwe? Miaka 73 ni wa Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee, kuanzia 70, elfu mbili kwa mwezi. Mpeleke kwa naibu wa chifu na kitambulisho uulize usajili uko lini, usimtume mtu, enda mwenyewe, na uhakikishe tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho iko sawa, mamangu yake ilikuwa imekosewa tukazunguka karibu mwaka

Nahodha_Likoni
Na kama una ndugu wa miaka 18 mpaka 29 hajaendelea zaidi ya fom foo, NYOTA, ule mpango wa serikali wa vijana, ndo ya bure kabisa, 50,000 ya biashara na hairudishwi. Wakifungua tena ni kwa simu *254#, hakuna fomu ya kununua

MamaMahamri
Nimewasomea wenzangu hapa jioni. Wale watatu wamempigia yule kijana wamwambie arudishe, simu yaita tu. Yule wa pesa ya karo analia, tumekubaliana mchango wa Jumapili hii uende kwake mtoto asifukuzwe shule. Kesho nikimaliza kuuza nampeleka mama kwa naibu wa chifu, na mweka hazina ashaanza kuandika minits. Shangazi, hiyo katiba huandikwaje? Nitumie mfano inbox tafadhali