Ryan Fitzpatrick: timu tisa, mtoano sifuri. Alifanikiwa au alikuwa deiwaka tu?

Mkazi_wa_Houston (mleta mada):
Wakuu, tulioambukizwa huu ugonjwa wa futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa helmeti, tukiwa Marekani, naomba mnisaidie. Juzi tumebishana kijiweni mpaka chai ikapoa. Fitzpatrick, kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua uende kwa nani. Kaanza 2005, kamaliza 2021: Rams, Bengals, Bills, Titans, Texans, Jets, Buccaneers, Dolphins, Washington. Zote tisa alianza mechi, na hakuna kwotabeki mwingine mwenye rekodi hiyo. Lakini mtoano wa baada ya msimu hakuugusa hata mechi moja. Mimi nasema huyu kafanikiwa kupitiliza. Kwenye drafti, pale timu zinapogawana wachezaji wapya, kachaguliwa wa 250 kati ya 255, tena katokea Harvard, chuo ambacho watu wanatoka na kalamu, si na mpira. Jamaa yangu kasema ni deiwaka, dereva wa kushikilia gari la mwenzake kwa siku, ila mwenye ndevu nzuri. Semeni.

ChumaUlete:
Jamaa yako nimpe soda. Ushindi 59, vipigo 87, sare 1. Dereva wa hivyo unampa gari lako? 2011 pale Bills wamemwaga dola milioni 59 kwa miaka sita, timu ikiwa imeshinda nne kati ya sita. Baada ya kusaini wakashinda moja, halafu wakala vichapo saba mfululizo. Msimu wa 2015 yuko Jets, mechi ya mwisho, wakishinda wanaingia mtoano. Mpinzani nani? Bills haohao waliomwacha. Robo ya nne pasi tatu zikanaswa. 22-17, kwaheri. Na mtu anayezungusha mke na watoto saba nchi nzima kama mzigo wa mitumba, mimi hata ubaba wake nauwekea alama ya kuuliza.

Josho_la_Jioni:
Si timu 12 jamani? Nilisoma mahali 12 au 14.

Mkazi_wa_Houston:
14 ni Josh Johnson, mwingine kabisa. Huyo aliingia nusu fainali ya 2023 akiwa na 49ers baada ya kwotabeki wao Purdy kuumia kiwiko, naye akagongwa kichwa akatolewa. Tusichanganye. Na Chuma, hiyo 2015 mbona umeruka pasi 31 za tachidauni, yaani za kufunga, rekodi ya Jets kwa msimu mmoja?

Mlima_Mitumba:
Rekodi baadaye. Nataka hili la "mzigo wa mitumba". Mimi nimezaliwa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu, sasa niko Buffalo. Hapa Buffalo kwenyewe nimehama nyumba nne. Kila tukihama mke wangu anabeba sufuria moja tuliyotoka nayo kambini, mkono wake mmoja umefungwa kwa waya. Watoto wangu wamesoma shule tatu. Nao ubaba wangu unauwekea alama?

ChumaUlete:
Ndugu yangu, wewe ulihamishwa na vita. Yeye alihamishwa na hundi. Usijivike kofia ambayo sikukushonea.

Mlima_Mitumba:
Buffalo sikuhamishwa na vita. Nilihamishwa na kodi ya nyumba. Na usinipangie.

Mama_Pacha:
Chuma, ungemuuliza mke wake kabla ya kumsemea. Yule baba alikuwa akicheza na pete ya ndoa kidoleni, uwanjani, wenzake wakizivua. Na hao watoto unaowahurumia: akiwa Buccaneers alimleta mwanawe mbele ya waandishi wa habari, mtoto akaulizwa 93 mara 97, akajibu 9,021 kichwani.

Josho_la_Jioni:
Nimepiga kwenye simu. Ni kweli 9,021 😂

ChumaUlete:
Sasa hesabu ya mtoto imemshindia baba mechi ngapi?

Kijana_wa_Temeke:
Samahani wakubwa, mpira unashikwa kwa mikono dakika zote, futiboli inatoka wapi hapo?

Mama_Pacha:
Mdogo wangu, hilo liachie kwanza. Watu wanagombana hapa.

Breki_Pumzi:
Mimi kilichoniuma ni hilo neno. Deiwaka. Mnalitupa kama tusi. Nimekuwa deiwaka njia ya Mbagala–Kariakoo miaka mitatu kabla sijaja huku. Mwenye gari anakupigia saa kumi alfajiri: dereva wangu anaumwa, njoo. Unakuta gia ya pili inaruka, breki mpaka upige mara mbili, kondakta hakujui na abiria wanakununia. Jioni hesabu ya tajiri iko palepale. Huwezi kusema "gari sijalizoea". Sasa nyie fikirieni mtu kaingia magari tisa ya namna hiyo, kila kocha ana lugha yake ya kuita michezo, na hakuna anayemsubiri ajifunze. Mechi yake ya kwanza kabisa, 2005, hapo Houston kwa mleta mada: kwotabeki wa Rams kaumia, yeye kaingia, mapumziko wako nyuma 24-3. Wakashinda 33-27 muda wa nyongeza.

Mkazi_wa_Houston:
Texans wetu hao 😭 Asante kwa kunikumbusha.

Breki_Pumzi:
Na Desemba 2020, akiwa na Dolphins wa Miami. Walishampokonya nafasi, wakampa kijana Tua. Dhidi ya Raiders dakika za mwisho Tua kakwama, mzee kaitwa kutoka benchi. Beki kamkamata chuma cha helmeti, kichwa kimegeuzwa pembeni haoni anakotupa. Katupa. Mpira umekwenda yadi 34 mikononi mwa Mack Hollins, mpiga mateke akaingia akamalizia. 26-25. Dereva wa kudumu alikuwa benchi anaangalia.

ChumaUlete:
Malizia hadithi basi. Wiki iliyofuata?

Breki_Pumzi:
Alikuwa na korona. Mtu haugui?

Mlima_Mitumba:
Wiki iliyofuata walikuja huku kwetu Buffalo, nyumbani kwa Bills, bila yeye. Bills 56, Dolphins 26. Mtoano wakaukosa. Sasa niambie deiwaka alikuwa na thamani au hakuwa nayo.

ChumaUlete:
Hiyo pointi nakupa. Moja tu. Yadi zake za maisha ni 34,990. Hata 35,000 kashindwa kufikisha, kumi tu!

Mama_Pacha:
Aliteguka nyonga mechi ya kwanza Washington, 2021. Ulitaka azitambae?

Mkazi_wa_Houston:
Jamani swali langu lilikuwa kafanikiwa au hakufanikiwa.

Josho_la_Jioni:
Breki, huyo tajiri wako wa Mbagala alikuwa analipa ngapi kwa siku?

Breki_Pumzi:
Ninachobakiza baada ya hesabu na mafuta. Kuna siku nilibakiza nauli ya kurudia nyumbani, kwenye daladala la mtu mwingine.

ChumaUlete:
Mlima, yaishe kaka. Ile sufuria bado unayo?

Mlima_Mitumba:
Ninayo, leo ina sombe. Wewe huonji.