Mafundi na wauzaji wa vigae vya lami, acheni kutukadiria paa kwa kuangalia sakafu!

Wakuu salaam, nina hasira na sitaficha. Hivi kwa nini mtu anajiita fundi paa, anakuja na tepu, anapima chini, urefu mara upana, anagawa kwa eneo lililoandikwa kwenye bunda la vigae halafu anakuandikia mstari mmoja "vigae mabunda 35" basi kazi imeisha?? Nikimuuliza umepataje ananijibu "boss hivyo vinatosha, mimi kazi hii nimeifanya miaka". Miaka ya nini sasa kama hesabu ya darasani inakushinda.

Nyumba ni mita 12 kwa 9, paa la miteremko miwili tu, halina kona kona. Sakafu ni skwea mita 108. Sawa. Lakini paa haliishii ukutani, linatoka nje senti 60 kila upande, kwa hiyo tayari ni 13.2 kwa 10.2, hapo ushafika karibu 135. Halafu paa limelala kwa nyuzi 30, na sehemu iliyoinama ni ndefu kuliko kivuli chake chini, unazidisha kwa 1.155 unapata kama 155. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyokatwa na kutupwa, 171. Bunda la kawaida linafunika kama skwea mita 3.1 (yale ambayo matatu yanamaliza futi za mraba 100). Gawa uone. Mabunda 56! Sio 35. Mtu kakosea mabunda 21 kwenye paa rahisi kuliko yote duniani na bado ananiita mbishi.

Na paa likiwa na mwinuko wa nyuzi 45 unazidisha kwa 1.414, yaani asilimia 41 nzima inaongezeka juu ya hesabu ya chini, sasa huyu akipewa hilo si atamwacha mtu na nusu ya nyumba wazi mvua inanyesha.

Kuna watakaosema si unaongeza tu mengine dukani. Hamjui vigae hivi nyie. Rangi inatofautiana toleo kwa toleo, namba ya toleo iko kwenye bunda lenyewe, ukinunua mara ya pili unaweza kupata rangi ile ile kwa jina lakini juu ya paa kiraka kinaonekana tangu barabarani, na hicho utakiangalia miaka yote utakayoishi humo. Ndo maana makadirio yanatakiwa yawe sahihi KABLA ya oda ya kwanza.

Halafu kofia za juu hakuandika kabisa. Mgongo, pale juu miteremko inapokutana, una mita 13.2, utafunikwa na nini? Mstari wa kuanzia pembeni mwa paa nao hakuna, na huo sio mapambo, unaziba viungo vya mstari wa kwanza na gundi yake inashika kigae cha chini kisinyanyuliwe na upepo. Ukizungusha kingo zote za paa hili ni kama mita 50. Karatasi ya kuzuia maji inayotandikwa chini ya vigae kaandika kwa eneo kavu kavu bila kukumbuka kwamba zinapandiana, roli la mita moja likipandiana senti 10 ushapoteza sehemu ya kumi. Na paa likiwa na mwinuko mdogo sana karatasi inatandikwa mara mbili. Bati la kingo, bati la kuzunguka bomba, kimyaa.

Misumari ndo kaandika "kilo kadhaa". Kadhaa!! Kigae kinapigwa misumari 4, sehemu za upepo mkali 6. Bunda likiwa na vigae 21, kwa mabunda 56 hiyo ni misumari 4,704 au 7,056. Tofauti ya zaidi ya elfu mbili yeye anaita kadhaa, na akipungukiwa juu ya kenchi unafikiri atashuka? Atapiga mitatu mitatu aendelee na safari, upepo ukija vigae vinaondoka tunaambiwa vigae ni feki.

Wapo na wale wa upande mwingine, wanajaza asilimia 30 "kwa usalama" kwenye paa lisilo na bonde (pale miteremko miwili inapokutana kwa ndani) hata moja, mabunda yanayobaki wanaondoka nayo wao. Paa la miteremko minne lenye mabonde mengi, asilimia 15 au zaidi kidogo naelewa, maana kila bonde unakata. Sio hili.

Ninachotaka ni mchanganuo, jamani. Eneo la kila upande, mwinuko, westeji asilimia ngapi na kwa nini, mita za mgongo, mita za kingo. Karatasi moja inatosha. Na nyie wauzaji mnaopokea oda ya mabunda 35 bila hata kumuuliza mteja paa lake limeinama kiasi gani, mnakwepaje lawama hapa? Aliyewahi kupewa estimeti yenye hivyo vyote na fundi wake aiweke hapa tuione, picha ya karatasi, maana mimi sijawahi kuiona.