Naomba ushauri: binti yangu amesimamishwa masomo kwa maoni aliyoandika mtandaoni
Ndugu wanajamvi, binti yangu anasoma sekondari ya umma hapa Marekani, na amesimamishwa masomo kwa sababu, akiwa nyumbani mwishoni mwa juma, aliandika Instagram kwamba uongozi wa shule unapuuza malalamiko ya wanafunzi kuhusu uonevu. Hakumtukana wala kumtishia mtu yeyote, na kwangu hilo ndilo kiini cha suala.

Ninafahamu kwamba katika kesi ya Tinker, mwaka 1969, Mahakama ya Juu iliamua kuwa shule haiwezi kuzuia maoni ya mwanafunzi isipokuwa yanavuruga masomo kwa kiasi kikubwa au yanaelekea kufanya hivyo; na mwaka 2021, katika kesi ya Mahanoy, ilimpa haki mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa ujumbe wa Snapchat alioutuma akiwa nje ya shule (tena ujumbe wenye matusi), ingawa haikuziondolea shule mamlaka yote, hasa panapokuwa na vitisho. Mkuu wa shule anadai tu kwamba wanafunzi waliyazungumzia sana maoni ya binti yangu darasani.

Je, mazungumzo hayo yanatosha kuitwa vurugu? Na je, tuanze kwa kukata rufaa kwenye bodi ya elimu, au tumtafute wakili kwanza, ili adhabu hii ifutwe kwenye kumbukumbu zake kabla hajaomba nafasi ya chuo?