Mtoto kaanza kriketi, helmeti peke yake inatosha?

Mama Naima: Wadau habari zenu. Mwanangu wa miaka 12 ameanza kriketi shuleni. Jumamosi mpira ulimpata kidoleni, kucha imekuwa nyeusi tii. Kocha anasema atazoea. Helmeti anayo, ila shingo iko wazi kabisa. Nina wasiwasi sana.

Mzee wa Wiketi: Pole dada. Hiyo ya "atazoea" usiikubali. Mpira ule ni ngozi ngumu, gramu 156 hadi 163 kwa wanaume wakubwa. Mchezaji Phillip Hughes wa Australia alivaa helmeti, Sydney, Novemba 2014. Mpira ukampata shingoni, akafariki siku mbili baadaye. Miaka 25 tu! Siku hizi kuna kinga ya shingo inayobanwa nyuma ya helmeti. Mnunulie, na glavu zinazomtosha.

Binti Seif: Na akipigwa kichwani atoke palepale, hata akisema yuko sawa. Steve Smith, naye wa Australia, mpira ulimpata shingoni uwanja wa Lord's, London, 2019, akatoka kisha akarudi kupiga. Kesho yake akaamka kichwa kinamuuma, akakosa na mechi iliyofuata.

Mama Naima: Asanteni. Kinga hiyo inaingia helmeti yoyote?

Mzee wa Wiketi: Hapana, nenda nayo dukani ijaribiwe.