Sabato mwili unapumzika lakini akili inabaki soko, nyinyi mnafanyaje?

mitumba_Kibuye: Wapendwa nisaidieni. Nauza nguo za watoto hapa soko la Kibuye, Kisumu, na Jumamosi sifungui, hiyo nilishaamua. Lakini nikikaa kanisani akili iko kwa kibanda, nawaza jirani amefungua mzigo mpya na wateja wangu ndio wanachagua kamera, zile nguo bora za kwanza, na mnajua vile Jumapili ndio soko kubwa huku kwa hivyo Jumamosi kila mtu anapanga mali mimi niko shule ya Sabato naitikia amina sijui hata kilichosomwa. Hiyo amani watu husema wanapata, iko wapi?

nyarKendu: Dadangu Sabato haianzi Jumamosi asubuhi. Inaanza Ijumaa jua likizama, na huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja mwaka mzima, hakuna kushtukizwa. Sisi wa Kendu Bay, Wasabato wako hapa tangu misheni ya Gendia ianze 1906, tumelelewa Ijumaa ni maandalizi: maji inajazwa, nguo inapigwa pasi, chakula inapikwa. Mimi naongeza hesabu, nani ananidai, nani namdai, naandika yote kwa daftari nafunga. Halafu simu ya biashara nazima. Si sailenti, nazima.

baba_Naks: Mimi ni wa Jumapili, niko Nakuru, na tafadhali tusianze vita ya siku. Soma Kutoka 16 polepole. Mana, ile chakula Waisraeli walipewa jangwani, ya siku zingine ukilaza inaingia mabuu na kunuka, lakini siku ya sita walipewa ya siku mbili na haikuoza. Na bado kuna wenye walitoka siku ya saba kutafuta, wakakosa. Sasa jiulize walikuwa wanatafuta nini na chakula iko kwa hema. Ni uoga tu, mtu haamini ya jana itatosha. Nikisoma hapo najiona mimi na Mpesa yangu, kuangalia salio kila saa.

shifti_ya_usiku: Na sisi wa wodini je? Wagonjwa hawajui Jumamosi. Mimi hujishikilia na Luka 13, yule mama aliyepinda mgongo miaka 18, mkuu wa sinagogi anakasirika eti kuna siku sita za kuja kuponywa 😅 Yesu akamfungua hiyo hiyo Sabato. Kwa hivyo nikiwa zamu nafanya kazi bila kujihukumu, lakini kuuza sweta wodini nimeacha.

mitumba_Kibuye: 😂😂 Asanteni. Mama Kendu hiyo ya daftari naanza wiki hii. Lakini kuna mteja wangu wa jumla wa Busia, yeye hupiga Jumamosi mchana tu, huyo nimfanyeje?

nyarKendu: Mpigie wewe Ijumaa. Asipopatikana, Jumamosi jua likizama washa simu, si mzigo anachukua Jumapili?