Naomba ushauri: nisomee blokicheni au niachane nayo?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtengeneza programu, nimepata nafasi ya kusomea blokicheni (daftari la kumbukumbu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja) mwaka mzima, ila moyo unasita. Septemba 2022 Ethereum, mtandao mkubwa wa blokicheni, ilibadili namna ya kuthibitisha miamala bila kusimama, matumizi ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kazi ile bado inanisisimua. Lakini Novemba ya mwaka huohuo FTX, soko la sarafu za kidijitali, ilianguka, na kampuni ya meli ya Maersk na ile ya kompyuta ya IBM wakatangaza kuifunga TradeLens, mfumo wao wa blokicheni wa kufuatilia makontena. Hili la TradeLens ndilo linaloninyima usingizi, maana halikuwa utapeli: tatizo lilikuwa la kweli na wenye mradi walikuwa na uwezo. Mliowahi kuitumia blokicheni nje ya biashara ya sarafu, ni wapi mmeiona ikishinda kanzidata ya kawaida? Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi.