Kijana unayeishi peke yako Goba, Madale, Kigamboni: marafiki uliwapataje? Tupeane uzoefu

Mpangaji wa Goba
Wakuu, salamu. Nina miaka 27, kazi yangu iko mjini, nimepanga Goba, huku pembezoni mwa Dar. Nilihama Sinza nikifuata kodi nafuu na utulivu. Utulivu nimeupata mpaka umezidi. Huku kila mtu amejenga: ukuta, geti, gari linaingia usiku, geti linafungwa. Waliojuana wamejuana kupitia watoto, kwenye basi la shule, kipaimara au kikao cha wazazi. Naheshimiwa, sina ugomvi na mtu, ila Jumapili nzima inaweza kuisha sijaongea na yeyote zaidi ya bodaboda. Mlioishi hivi kabla ya kuoa au kuolewa, mliwezaje? Naomba yaliyowakuta wenyewe, maana "oa tu" nimeshaambiwa sana.

Mkazi wa Madale
Mdogo wangu, mimi nilianzia kwa mjumbe wa mtaa. Mwenye nyumba hakunipeleka, nikaenda mwenyewe kujitambulisha. Uelewe jambo moja: mpangaji huku amelipa kodi ya miezi sita, na watu wameona wengi wakija na kuondoka. Hawakuchukii, wanasubiri waone kama utakaa.

Baadaye nikaona turubai limefungwa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilikwenda, nikatoa rambirambi, jina likaandikwa kwenye daftari. Usiku nikabaki na wanaume nje, kahawa inazunguka, wengine karata, wengine siasa na Simba na Yanga. Watu ambao getini huambulia kwao "habari za asubuhi" tu, pale wanaongea mpaka alfajiri. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mwingine dereva wa lori, wote wamenizidi umri sana. Nilipolazwa na malaria, mke wa yule dereva ndiye aliyeniletea uji hospitali. Nilikuwa natafuta wa rika langu, nikapata hao, na siwaachi.

Binti wa Salasala
Kaka umesema vizuri, lakini kwa mwanamke asiye na mume hali ni nyingine. Ukisimama na baba jirani kuulizana kama maji yametoka, kesho salamu ya mkewe imebadilika. Simlaumu sana, hanijui. Nikajiwekea utaratibu: jambo lolote la nyumba ile naanzia kwa mama, hata la luku au taka.

Mama mmoja ndiye aliyenidhamini kuingia kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Wasiokijua wanadhani ni pesa tu. Pale kwetu tumegawanywa watano watano, na mkopo wako wanaudhamini hao wenzako wanne. Kwa hiyo lazima wakujue: unafanya kazi wapi, mshahara unaingia lini, kwenu ni wapi, nani anaumwa. Na wewe uwajue. Ukikosa kikao utapigiwa simu. Nimeishi Dar miaka mingi na sikuwahi kuulizwa "mbona hujaja?" na mtu asiye ndugu yangu. Sasa mmoja wa wale wanne ndiye nakwenda naye Kariakoo, ndiye ananisuka, na wanawe wananiita anti bila kufundishwa.

Mwana Kigamboni
Kwangu ilikuwa Ramadhani. Watu husema tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 Kigamboni imekuwa mjini, ila kijana akivuka kurudi jioni anajifungia vilevile. Jirani aliniletea sahani ya futari, mihogo ya nazi na tambi. Sahani ya jirani hairudi tupu, nami kupika sijui sana, nikairudisha na tende na tikiti maji. Kesho yake ikaja nyingine. Baadaye mzee akasema haina haja ya kuhangaika na sahani, njoo ufuturu hapa barazani. Tarawehe tukawa tunakwenda pamoja na wanawe wawili wakubwa, mmoja rika langu kabisa. Ramadhani iliisha, kukaa barazani kukaendelea.

Abiria wa Syokimau
Niongeze ya huku Kenya. Esteti zetu ni geti moja, mlinzi mmoja, na kundi la WhatsApp ambalo ni habari za takataka na baiskeli za watoto. Mimi marafiki niliwapata kwenye treni ya asubuhi kuelekea Nairobi. Matatu unaingia yoyote iliyojaza, kesho uko na watu wengine. Treni ina saa yake, na watu wana behewa lao. Nyuso zilezile kila siku, mwisho mtu anakuwekea kiti. Tukaanza kukimbia pamoja Jumamosi. Wengi wetu hatuna watoto, na tulikuwa tunaishi mita chache hatujuani.

Aliyerudi mjini
Mimi Kibamba nilishindwa kuizoea, na nalisema waziwazi ili mwingine asijione ana kasoro. Marafiki zangu wote walikuwa Kinondoni. Ukichelewa nao usiku, kutoka Mbezi Mwisho ni bodaboda, na nauli ya usiku unaijua. Nikahesabu kodi niliyookoa na nauli niliyotoa, nikarudi kwenye chumba kimoja mjini. Nafurahi zaidi.

Bodaboda wa Goba
Mleta mada, umesema huongei na yeyote zaidi ya bodaboda. Mimi ni bodaboda hapa Goba, nina miaka 26. Vijana tupo. Tupo vijiweni, kwenye saiti za ujenzi, kwenye magereji na saluni, na wengine wapo ndani ya hayo mageti kwa wazazi wao. Jioni tunacheza mpira, timu haiulizi una kazi gani. Kuna mhasibu mmoja alikuwa abiria wangu, sasa ndiye golikipa wetu, na msiba wa mama yake tulikwenda wote na pikipiki zetu mpaka Bagamoyo. Alianza kwa kuniuliza jina.

Mpangaji wa Goba
Ndugu yangu, na mimi nakuuliza: unaitwa nani, na kijiwe chenu kiko wapi? Nitumie huko pembeni. Mpira nilicheza shule, beki wa kulia.

Mkuu wa Madale, swali: msibani nakwenda hata kama marehemu sikumfahamu?

Mkazi wa Madale
Unakwenda. Wape pole wafiwa, kaa na wanaume nje, toa ulichonacho. Ukiona viti vinashushwa, shusha. Na kama mazishi ni siku ya kazi, fika jioni, utawakuta.